Mfadhili, Mwaliko na Nakala Chache: Mwongozo Kamili wa Msanii Anayetaka Kuishi kwa Kazi Yake

Kwa miaka miwili kodi ya karakana yangu ililipwa na mtu mmoja. Alipenda picha ninazochonga kwenye lino, yaani tandiko laini la sakafu linalochongeka, na kuzichapa kwa mkono. Kila baada ya wiki chache alikuja, akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya mashine, akanitazama nikifanya kazi. Hatukuandikiana hata mstari mmoja. Mwezi alioacha kulipa hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia, maana hatukuwa tumepatana jambo lolote ambalo ningeweza kusema limevunjwa. Nilifungasha vifaa vyangu kwa siku tatu.

Tangu hapo nimejenga maisha yangu kwa wafadhili wengi badala ya mmoja, na yote yaliyomo humu nimeyajaribu mwenyewe au nimeyaona yakifanya kazi kwa wenzangu wa muziki na uandishi. Jambo kubwa nililojifunza ni hili: anayekuunga mkono mwaka hadi mwaka analipia nafasi ya kuwa karibu na kazi inapozaliwa. Nafasi hiyo ina ukubwa wake. Huwezi kuwakaribisha watu 500 kwenye chumba cha watu 12. Kwa hiyo ipime, ipe bei, iandikie masharti.

Hatua ya 1: Tenganisha mafungu manne ya pesa

Wasanii wengi huchanganya mambo manne, kisha hushangaa uhusiano ukiharibika. Kuna mauzo: mtu analipa, anachukua kazi, mmemalizana. Kuna kazi ya kuagizwa: mtu anataka kitu fulani, mnakubaliana kitakavyokuwa, unamtengenezea. Kuna uanachama: watu wengi wanatoa kidogo kila mwezi na kupata kitu kidogo kila mwezi. Na kuna ufadhili wenyewe, ambapo watu wachache wanatoa kikubwa ili uendelee kufanya kazi unayoichagua wewe.

Aliyekupa pesa kama mfadhili asianze kukuelekeza kama mwenye agizo, na aliyenunua mara moja usimdai uaminifu wa mfadhili. Kila pesa inapoingia, iandike kwenye daftari chini ya fungu lake. Usipojua iende fungu gani, muulize aliyeitoa kabla hujaitumia.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuomba

Chukua gharama zako zote za mwezi, yaani chakula, malazi, vifaa, kodi, nauli na akiba, kisha ziite 100. Mgawanyo ninaoupenda mimi ni huu. Wanachama 60 wanaotoa nusu ya moja kila mmoja wanaleta 30. Wafadhili 4 wanaotoa 8 kila mmoja wanaleta 32. Matoleo mawili kwa mwaka, kila moja la nakala 30 za picha moja, kila nakala kwa 5, yanaleta 300 kwa mwaka, yaani 25 kwa mwezi. Jumla ni 87. Zile 13 zilizobaki zinatoka kwenye kazi za kuagizwa au kufundisha.

Angalia kinachotokea mfadhili mmoja akiondoka: unapungukiwa na 8. Inauma, lakini hulali njaa. Mimi nimejiwekea sheria kwamba hakuna mtu mmoja atakayebeba zaidi ya robo ya mahitaji yangu, hata akitaka mwenyewe. Nimewahi kumrudishia mtu sehemu ya kiasi alichotaka kutoa, nikamwomba aje na rafiki wa kubeba iliyobaki. Alikubali, na huyo rafiki bado yuko nasi.

Hatua ya 3: Fungua mlango mkubwa kabla ya ule mdogo

Hakuna anayetamani kuingia chumba cha ndani cha nyumba asiyoijua. Kazi yako ionekane na kila mtu kwanza, bure, mara kwa mara.

Rapa Nipsey Hussle alilifanya hili vizuri sana mwaka 2013. Alitoa mkusanyiko wa nyimbo zake ili yeyote aupakue bure kwenye intaneti, halafu akatengeneza nakala 1,000 za kushikika mkononi na kuziuza kwa dola 100 kila moja. Jay-Z alinunua 100. Wimbo ulikuwa uleule kwa asiye na senti na kwa mwenye nazo, kwa hiyo hakuna shabiki aliyefungiwa nje ya muziki. Waliolipa walilipia kushika kitu kichache na kuhesabiwa miongoni mwa waliosimama na msanii. Ndivyo ninavyokushauri ugawe kazi yako: sanaa iwe ya wote, na ukaribu uwe wa wachache. Ukiificha kazi yenyewe nyuma ya malipo tangu siku ya kwanza, utakosa wale ambao wangekuwa wafadhili wako miaka mitano ijayo, kwa kuwa leo bado wanasoma na mifuko yao mitupu.

Hatua ya 4: Andika majina, halafu omba kwa mdomo uliofunguka

Kaa chini uandike majina ya watu walionunua kazi yako zaidi ya mara moja, walioleta marafiki, walioandika ujumbe mrefu baada ya onyesho, waliouliza "utafanya nini baadaye?" Huyo wa swali la mwisho muweke juu kabisa ya orodha. Swali lake linaonyesha kwamba anafikiria kazi ambayo bado haipo, na ufadhili hulipia kazi ya aina hiyo hasa.

Usiwaandikie wote ujumbe mmoja. Huu ni mfano wa barua ninayoandika:

"Habari za siku, Bi. Mwaka jana ulichukua picha yangu ya mvuvi, ukaniuliza kama mfululizo ule utaendelea. Unaendelea. Utakuwa na picha 12 na utanichukua miezi 10. Natafuta watu 5 wa kuubeba pamoja nami, kila mmoja kwa kiasi hiki kwa mwezi. Kila mmoja atapata nakala ya kila picha, zote 12 zikiwa na namba ileile, na jina lake litachapwa ndani ya jalada. Ningefurahi sana ukiwa mmoja wao. Naomba jibu kabla ya tarehe 20. Kama si wakati mzuri kwako, mlango wangu uko wazi kama zamani."

Barua hii inataja kazi, muda, idadi ya watu, kiasi, anachopata na siku ya mwisho. Haina malalamiko. Usiombe kwa kueleza shida zako, hata kama zipo. Anayekusaidia kwa huruma ataacha huruma ikipungua, lakini anayeingia kwa sababu anataka kuiona kazi ikikamilika atakaa mpaka aione.

Orodha ya majina ndani ya jalada ni njia ya zamani na bado inafaa. Mshairi Alexander Pope alipotafsiri utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kwa Kiingereza, juzuu 6 kati ya 1715 na 1720, waliojiandikisha walilipa gini moja, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, kwa kila juzuu, na majina yao yakachapwa humo. Familia ya kifalme ilikuwemo. Kila aliyejiandikisha alipofungua kitabu aliona jina lake limekaa jirani na majina makubwa. Pesa ile ilimpa Pope maisha ya kujitegemea, jambo ambalo washairi wachache sana wa wakati wake walilipata.

Hatua ya 5: Uchache uwe wa kweli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uaminifu wa msanii unapoonekana au kupotea.

Ninapomaliza kuchonga kibao cha lino, naamua idadi kabla sijapaka wino. Tuseme 30. Naiandika kwenye daftari kwa tarehe. Nachapa, naanika kwenye kamba kwa vibanio, nasubiri siku kadhaa wino ukauke. Halafu nakaa mezani na penseli. Chini ya picha, upande wa kushoto, naandika 1/30, 2/30, mpaka 30/30. Katikati naweka jina la picha, kulia saini. Natumia penseli kwa sababu risasi yake hukaa ndani ya nyuzi za karatasi na huacha mfinyo kidogo. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga utaona bonde la kila herufi. Mashine ya kunakili haiwezi kuiga bonde hilo.

Zipo pia nakala za msanii, ambazo kwa desturi hazizidi kama sehemu ya kumi ya toleo. Kwa toleo la 30 najiwekea 3, zikiwa na alama yake tofauti, nazo nazitaja wazi kwa wanunuzi. Msanii anayesema ameuza nakala 30 huku 15 nyingine zikiwa kabatini anadanganya.

Nakala ya mwisho ikishatoka, nachukua patasi na kuchora mstari mrefu kutoka kona hadi kona ya kibao. Nachapa nakala moja ya kibao hicho kilichokatwa na kuiweka kwenye faili. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka, kwa kuwa kibao kile kilinichukua wiki tano. Lakini siku mnunuzi alipouliza, "Nitajuaje hutachapa nyingine?", nilimfungulia faili, akaitazama ile picha yenye kovu, hakuuliza tena. Amenunua kila toleo tangu siku hiyo.

Mwanamuziki anaweza kuhesabu sahani za santuri au viti vya onyesho la sebuleni. Mwandishi anaweza kuhesabu nakala zilizoshonwa kwa mkono. Kwa kazi za kidijitali uchache ni mgumu kuulinda, kwa hiyo hapo uza muda wako na uwepo wako, vitu ambavyo ni vichache bila kulazimishwa.

Kuhusu bei, naanza chini na kupandisha kadiri nakala zinavyopungua: 10 za kwanza kwa bei moja, 10 za kati juu kidogo, za mwisho juu zaidi. Wafadhili na wanachama hupata siku mbili za kuchagua kabla ya wengine. Siwapi punguzo. Wanapenda zaidi kutangulia kuliko kupunguziwa, na punguzo hushusha thamani ya nakala zilizomo tayari majumbani mwao.

Hatua ya 6: Andaa jioni ya watu wachache

Mara nne kwa mwaka nafungua karakana jioni kwa watu 12. Nane ni wa zamani, wanne ni wapya walioletwa nao. Simwaliki mgeni asiye na mwenyeji wake kati ya wale nane: aliyeletwa na mtu huheshimu nyumba, na aliyemleta hujiona ana sehemu katika jambo hili.

Sihutubii. Nasimama mezani na kazi ambayo haijakamilika, napaka wino kwenye kibao, naweka karatasi, kisha namwomba mgeni mmoja azungushe usukani wa mashine mwenyewe. Karatasi inapobanduliwa polepole kuanzia kona moja, chumba kizima hunyamaza. Aliyezungusha usukani hulisimulia jambo hilo kwa miaka, na mara nyingi ndiye mfadhili wangu anayefuata. Bei ziko kwenye karatasi moja karibu na mlango, na mwenye kutaka huisoma bila kubanwa.

Lazima niseme pia jambo linalowaudhi baadhi ya wasanii: watu huja kwa ajili yao wenyewe pia. Wanataka kukaa na wanaopenda wanachokipenda. Wafadhili wangu wawili walifahamiana kwangu na sasa wanasafiri pamoja kuona maonyesho. Usilionee wivu jambo hilo. Watambulishe kwa majina, kumbuka nani anakusanya nini, waketishe wanaofaana. Duara likishakuwa na urafiki ndani yake, linakaa pamoja hata mwaka ambao kazi yako si nzuri sana.

Kwa kila jioni ya faragha mimi naweka siku moja ya wazi, bila mwaliko na bila kiingilio. Vijana wanakuja, wanagusa vifaa, wanauliza. Bila siku hizo ningeona haya kufunga mlango siku nyingine.

Hatua ya 7: Uanachama wa kila mwezi

Hapa sitakawia. Tovuti kama Patreon, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Jack Conte, mwanamuziki, pamoja na Sam Yam, zimefanya ukusanyaji kuwa rahisi. Soma makato yao kabla ya kupanga bei. Weka ngazi mbili, au tatu ukizidisha sana, usivuke hapo. Ahidi kile unachoweza kukifanya hata ukiwa na homa: barua moja kwa mwezi na picha tatu za kazi inayoendelea zinatosha. Nimeona wenzangu wakiahidi vitu saba kwa mwezi, wakaacha kabisa kuchora ili watimize ahadi. Na tunza mwenyewe majina na anwani za wanachama wako, kwa idhini yao, ili tovuti ikibadili masharti usipoteze watu.

Hatua ya 8: Andikeni

Mtunzi wa muziki Joseph Haydn alipoajiriwa na ukoo wa kikabaila wa Esterházy mwaka 1761, mkataba wake ulimtaka avae sare, afike kila siku kabla na baada ya adhuhuri kuuliza kama bwana wake anataka muziki, na asitungie mtu mwingine bila ruhusa. Tungo zake zilikuwa mali ya bwana wake. Alikula vizuri, alikuwa na okestra ya kufanyia majaribio, lakini kazi yake haikuwa yake. Mwaka 1779 aliandika mkataba mpya usio na kifungu hicho, akaanza kuwauzia wachapishaji. Mkuu wa ukoo huo, Nikolaus, alipofariki mwaka 1790 na mrithi wake akaivunja okestra, jina la Haydn lilikuwa limeshavuka mipaka, na London ikampokea kwa shangwe. Kifungu kimoja kilibadilisha maisha yake yote ya baadaye.

Kwa hiyo andika, hata kama ni ukurasa mmoja na hata kama ni rafiki. Kiasi, tarehe ya kulipa, na muda, ambao mimi huweka mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Anachopata na lini. Kwamba hakimiliki inabaki kwako. Anayemiliki karatasi hamiliki haki ya kuichapa kwenye fulana. Kwamba uamuzi wa kisanaa ni wako. Jina lake litajwe au lifichwe. Notisi ya miezi 3 kwa anayetaka kuacha. Na kama nchi yako ina mrabaha wa mauzo ya marudio, yaani fungu analolipwa msanii kazi yake inapouzwa tena, kama Ufaransa ilivyoanza mwaka 1920, jua unavyoudai, kwa sababu kazi uliyoiuza rahisi ujanani inaweza kuuzwa tena ghali.

Ongeza kifungu cha kupitia kiasi upya kila mwaka. Mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven aliahidiwa mwaka 1809 na makabaila watatu, Rudolph, Lobkowitz na Kinsky, florini 4,000 kwa mwaka maisha yake yote, mradi aendelee kuishi Vienna au mji mwingine wa himaya ya Austria. Ilionekana salama kabisa. Mwaka 1811 sarafu ilishushwa thamani na pesa ile ikapungua nguvu. Lobkowitz akaingia kwenye matatizo ya fedha. Kinsky akafa mwaka 1812 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, na Beethoven akalazimika kuwadai warithi wake. Ahadi ya maisha yote ilitikisika ndani ya miaka mitatu.

Hatua ya 9: Mipaka ya mwili, ya rangi na ya pesa

Atakuja mtu wa kukuambia rangi ile ya bluu ingekuwa nyekundu. Msikilize, mshukuru, acha bluu. Akisisitiza, mwambie unaweza kumfanyia kazi ya kuagizwa kwa bei ya kuagizwa. Wengi huridhika kwa jibu hilo.

Atakuja pia mwingine anayedhani pesa yake imemnunulia usiku wako, simu zako za saa sita, au zaidi. Hili huwapata wasanii wa kike mara nyingi mno, na huwapata vijana. Usikutane na mfadhili mpya peke yako mahali pa siri. Mwambie mtu ulipo. Mara ya kwanza tu akivuka mpaka, rudisha pesa ya miezi isiyotimia na funga ukurasa. Hakuna toleo la picha linalostahili hofu hiyo, na kama umeifuata Hatua ya 2, unaweza kumudu kumpoteza.

Chunguza pesa inatoka wapi. Kundi la rap la Wu-Tang Clan lilitengeneza albamu ya nakala moja tu, ikauzwa mwaka 2015 kwa dola milioni 2 kwa Martin Shkreli, mfanyabiashara wa dawa. Baadaye alitiwa hatiani kwa ulaghai wa hisa, albamu ikachukuliwa na serikali ya Marekani, ikauzwa tena mwaka 2021. Unapofanya nakala moja kwa mtu mmoja, hatima ya kazi imefungwa kwa hatima ya mtu huyo. Ndiyo maana sijawahi kushuka chini ya nakala 10.

Hatua ya 10: Mfadhili anapoondoka

Ataondoka. Nadezhda von Meck, mjane tajiri wa Urusi, alimpa mtunzi wa muziki Pyotr Tchaikovsky ruble 6,000 kwa mwaka tangu mwaka 1877, wakaandikiana barua zaidi ya 1,000 kwa makubaliano kwamba wasikutane, kisha mwaka 1890 akasitisha ghafla. Tchaikovsky aliumia sana moyoni. Lakini alikuwa na pensheni kutoka kwa mfalme wa Urusi na mapato ya kazi zake, kwa hiyo aliendelea kutunga.

Wewe fanya hivi. Mpe kila alichostahili mpaka mwezi wake wa mwisho, mkononi, kikiwa kimefungwa vizuri. Andika barua ya shukrani inayotaja kazi zilizozaliwa kwa mchango wake, moja moja kwa majina. Usiulize sababu zaidi ya mara moja. Jina lake lililochapwa kwenye jalada libaki. Mwalike kwenye jioni inayofuata kama mgeni. Kisha chukua orodha ya Hatua ya 4 na umwandikie aliye juu, wiki hiyohiyo, kabla ile notisi ya miezi 3 haijaanza kukimbia mbele yako.